Salamu za Njia ya Mwese

Eufrazia akipita mtaani kwetu Shanwe, hapa Mpanda, huchelewa kufika aendako. Humsalimia kila mtu, tena haridhiki na "nzuri"; atauliza habari za goti lako, za shamba lako la Mwamkulu, mpaka za kuku anayeatamia. Mimi jirani yake nimewahi kujificha nyuma ya kanga nilizoanika, maana ukimwitikia tu, mboga inaungulia jikoni.

Muuza dagaa huyu hakuwa mwoga wa kitu, hadi bodaboda ilipomwangusha kwenye daraja la magogo njia ya Mwese. Mguu ukapona, mwenyewe hakupona. Pikipiki ikinguruma, alishika ukuta. Na Mwese ndiko alikoolewa binti yake Dorice, ambaye alikuwa amejifungua mtoto wa kike na kumpa jina la bibi yake. Ubatizo ulikuwa umeshapangwa, na masika gari halifiki kule, ni pikipiki tu. Somo yake abatizwe yeye akiwa hayupo? Alilia mbele yangu, nami nikalia, ingawa nilikuwa nimekwenda kuazima kinu tu.

Nikamwambia kuna kliniki mjini ambako kijana anayeitwa Deogratias, mshauri wa watu wenye hofu, ana miwani mikubwa. Ukiivaa umekaa kitini, unajiona uko barabarani. Wenyewe wanaita uhalisia pepe. Eufrazia akasikia "pepo"; siku nilipomsindikiza akaja na rozari mbili, moja yake na nyingine ya kumvisha Deogratias.

Kijana aliipokea kwa adabu, akamweleza kwamba hofu haitolewi kwa fimbo, huzoeshwa kidogo kidogo mahali salama, na akitaka kuacha wataacha. Akamvisha miwani. Ndani yake pikipiki ilikuwa inakatiza mji mgeni wenye lami na watu wengi. Mara nikamsikia Eufrazia akitoa shikamoo, akiuliza za asubuhi, akiwajulia hali watoto. Kisha akaivua miwani, amenuna.

"Hao watu wako wana nini?" aliuliza. "Nimewasalimia wote, hakuna hata mmoja aliyeitika. Njia ya watu wasioitikia salamu, mwanangu, hiyo ndiyo ya kuogopa."

Mimi nilicheka. Deogratias hakucheka, alikuna kichwa na kumuuliza huko Mwese watu wakipishana husalimianaje. Akajibiwa kwa kirefu, mnamjua. Juma lile lile kijana akapanda milima na kamera inayoona pande zote, akawaomba watu wa njiani waisalimie kama wanamsalimia mama mmoja anayetoka Mpanda.

Safari hii miwani ikajaa watu. Wanawake wenye majembe wakamtakia safari njema. Pale darajani, mzee mmoja wa Kisukuma akichunga ng'ombe aliinua fimbo yake, akamwamkia mama kwa lugha ya kwao: "Mwangaluka, mayu. Nyie huko nyumbani wazima?" Mara ya kwanza kuyaona magogo, Eufrazia aliubana mkono wangu mpaka ukafa ganzi. Deogratias akasimamisha, wakapumua pamoja, wakaanza upya. Majuma yakapita hivyo. Mwishowe mkono wangu ukaachiliwa, maana wake ulikuwa na kazi ya kumpungia mzee.

Siku ya ubatizo ikafika. Yeye alipakiwa na Respicius, dereva wa mtaani kwetu, mimi nikafuata na pikipiki nyingine. Tulipoanza kushuka bondeni nikaona mgongo wake umekakamaa. Magogo yalikuwa yale yale, na mto umejaa. Nilisahau hata sala ninazozijua. Ng'ombe walikuwa ng'ambo, na yule mzee yuko nao.

"Mwangaluka, baba," Eufrazia alipaza sauti, pikipiki yao ikiingia darajani. "Kila siku unaniuliza za nyumbani. Leo nataka kusikia za kwako."

Mzee, ambaye hakuwahi kumwona maishani, aliegemea fimbo yake, akaanza: mke ana kikohozi, ndama amepotea. Eufrazia akamwamuru Respicius asimame, mtu hakatizwi akijibu salamu. Wakasimama hapo hapo, katikati ya magogo. Aliyepiga kelele kwamba waondoke darajani ni mimi.

Tulifika Mwese tumejaa matope, ubatizo haujaanza. Dorice akamkabidhi mtoto, na Eufrazia akamtazama sana, machozi yanamtiririka.

"Hujambo, somo?"

Mtoto akapiga chafya.

"Ameitika," Eufrazia alisema.