Mvua Iliyonyesha Daftarini

Lori lilinishusha pale barabara ilipokatwa na maporomoko, nikapanda kwa miguu hadi Lanchipampa, kijiji ambacho katika miaka yangu yote ya kuzurura milima ya Piura sikuwahi kukifikia. Nilitaka kitanda tu. Nikaelekezwa kwa Eudocia Chinchay, mshonaji, nikamkuta ameketi juu ya tangi la maji, simu kaiinua juu.

"Karibu, mgeni, ila usinizibie mtandao!"

Tangi ndilo lililokuwa darasa lake. Kwa mwaka mzima alikuwa akisoma kwa masafa, chuo kikiwa Lima: jinsi bahari inapopata joto inavyovuruga mvua, jinsi majivu ya volkeno yanavyopoza dunia, na yale ambayo binadamu anayazidisha kwa moshi na shoka. Na hakuanzia sifuri. Miaka tisa, kila saa moja asubuhi, alikuwa akimimina maji ya kipima mvua cha kijiji kwenye chupa yenye mistari, anaandika daftarini, anatuma namba ofisi ya hali ya hewa mjini.

Tulikuwa tunakula mahindi ya kuchemsha na jibini, ndipo jirani yake, Rosendo, alipochungulia mlangoni.

"Profesa! Umeshamjua anayetuibia mvua?"

"Ni wewe na shoka lako."

"Shoka langu lina kutu, dada. Tangu niuze maksai wangu hata kuni sina wa kunibebea."

Akaondoka akicheka. Eudocia hakucheka. Alinisogezea simu.

Kazi ya mwisho ya kozi ilimtaka kila mwanafunzi achukue rekodi za kituo kilicho karibu naye, aeleze mabadiliko yapi ni ya asili na yapi yametokana na watu. Mwalimu alikuwa amejibu kwa furaha mchoro wake wa mvua ya miaka tisa. Miaka mitatu nyuma, mlima mzima ulipokauka, Lanchipampa ilipata mvua ya Februari kama kawaida. Labda msitu wenu unawakinga, aliandika. Tuandike makala pamoja. Nitumie kazi kesho.

"Hakuna msitu uliotukinga," Eudocia alisema. "Februari ile mama alilazwa hospitalini Piura. Nilikaa naye siku ishirini na mbili. Niliporudi nikanakili namba za mwaka wa nyuma. Niliona aibu kuacha mistari mitupu."

Msaada wa ukame uligawiwa kwa kufuata namba hizo. Vijiji jirani vilipewa majani ya mifugo na mbegu. Lanchipampa, kwenye karatasi, ilikuwa imelowa.

"Watu hawakulalamika?"

"Walilalamika. Maofisa wakaja mkutanoni wakawaambia kipimo hakina upendeleo. Mimi nilikuwa nimekaa palepale, kwenye benchi, nimenyamaza."

Nilimshauri aandike tu kwamba takwimu za mwezi ule zina shaka. Nilijiona mwenye busara.

"Hiyo itamtosha mwalimu," alisema. "Na Rosendo?"

Alfajiri alimwita Rosendo uani. Alisema yote bila kuzunguka, mikono ameificha ndani ya poncho, shuka lake la kujifunika mabegani. Rosendo alimsikiliza hadi mwisho.

"Siku ile nilipita hapa nikiwavuta maksai wangu kuwapeleka sokoni, majani yameisha," alisema. "Uliniona."

"Nilikuona."

"Ukaniita ndani ninywe kahawa."

"Nilikuita."

"Ukaniambia pole."

Machozi yalimtoka Eudocia, akayaacha.

"Usinililie mimi, Eudocia." Hakumwita dada tena. "Nenda mjini ukawaambie wao. Kwa mdomo, si kwa simu. Daftari mkononi."

Alikuwa ameshalifunga daftari kwenye kitambaa. Kazi ya chuo hakuituma; alisema atamwandikia mwalimu akishatoka ofisini, kama bado watamhesabu mwanafunzi. Kisha akanipa ile chupa yenye mistari, na karatasi iliyopigwa mistari kwa rula.

"Saa moja kamili, mgeni. Ukikuta pakavu andika sifuri. Usikisie."

"Utarudi lini?"

"Wakinirudisha."

Alishuka kwa njia ile niliyopandia. Saa moja ilipofika, kofia yake nyeupe bado ilionekana kwenye kona ya chini ya njia. Nilipindua kipima mvua juu ya chupa. Hakikutoka hata tone. Nikaandika.

Rosendo alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Umeandika nini?"

"Sifuri."

"Hebu nione," alisema, akaichukua karatasi.

Nilipoinua macho, kofia haikuwepo tena kwenye kona.