Viatu vya Wekesa Baada ya Ushuhuda

Mwanangu, sina mtoto, niko kidato cha tatu tu, na mbele za watu hata salamu hunishinda. Nakuita hivyo kwa sababu Kukhu, nyanya yangu, hutuita hivyo sisi sote.

Iko Jumapili moja ambayo mpaka leo inanichanganya. Ndugu yangu mdogo, Wekesa, alizaliwa mguu wa kulia umepinda kwa ndani. Kliniki ya Kitale ilimnyoosha kwa plasta, moja baada ya nyingine, kisha wakampa viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma, avae kila akilala mpaka daktari aseme basi. Jumapili hiyo, kanisani kwetu Kabuchai, Mama alimsimamisha mbele. Akatembea mwenyewe. Vigelegele! Mama akashuhudia: "Amepona!"

Jioni nikavichukua viatu nimvalishe. Mama akanizuia.

"Si tumeshashuhudia? Sasa ukimvalisha, unamwambia Mungu nini?"

Mguu ulikuwa umenyooka, nimeuona kwa macho yangu. Lakini daktari naye alikuwa hajasema basi. Nimsikize nani? Nikanyamaza, ndiyo tabia yangu, na viatu vikatundikwa ukutani, havikuvaliwa tena.

Kufika mavuno, kisigino hakikugusa chini vizuri na vidole vilitazama ndani. Kukhu alikuja kututembelea kutoka Moi's Bridge, akaona.

"Mama Wekesa, mahindi mkishayatolea shukrani kanisani, mnayaacha bila kuanika?"

"Hapana, Mama. Yataoza."

"Na kuanika ni kumtukana Mungu?"

Kisha akanigeukia. "Na wewe, bubu wa nyumba hii, ulijua?"

"Nilijua nusu, Kukhu."

"Si ungeuliza hiyo nusu ingine, bana!"

Tukacheka, hata Mama, machozi yakimtoka.

Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunajenga: tumerudi Kitale, plasta zimeanza upya, na Wekesa analia akiona wenzake wakikimbia. Bado sielewi kupona kunaanzia wapi na kuishia wapi. Ila hili nimelishika, mwanangu: mguu ulionyooshwa bado unakumbuka ulikotoka. Mvalishe mtoto viatu vyake kila akilala, hata kama mchana anafukuza kuku. Vikimchubua au vikimbana, rudi kliniki; usivivue kwa huruma. Shukuru, na bado umvalishe. Ukichanganyikiwa, uliza, hata sauti ikitetemeka. Kuuliza si ujinga.

Mungu akupe watoto wa kukukimbilia mlangoni, na akufungue mdomo mapema kuliko alivyonifungua mimi.