Chupa Iliyofungwa Kitambaa Cheusi

Bugarama, kule Ngara, humpi mgeni pombe kabla hujaonja mwenyewe. Usije ukadhani ni adabu tu. Ni usalama. Mwenye nyumba anapiga funda mbele ya macho ya watu, anameza, ndiyo kikombe kinakwenda kwa mgeni. Asiyeonja ni mrozi, mtu anayewatilia wenzake sumu, na jina hilo likishakuganda halitoki kwa sabuni. Unaweza kuchomewa nyumba.

Renatus anajua yote hayo. Kazaliwa humo. Mama yake, Adelfina, ni mjane, na pombe yake ya ndizi inafuatwa na watu wa vijiji vya mbali. Pombe hiyo ilimsomesha kijana kemia mpaka chuo kikuu. Akamaliza, ajira hakuna, akaishia kufundisha kwa kujitolea kwenye sekondari moja kule Runazi, Biharamulo. Likizo zote anarudi kwa mama.

Likizo hii alirudi na jambo lake. Anatengeneza nyaya za fedha. Usiwaze cheni za shingoni. Hizi ni nyembamba mpaka unywele wako mbele yake ni gogo. Anachukua chumvi ya fedha, anaipasha moto taratibu ndani ya kimiminika kizito, ukoo mmoja na kulanti ya kwenye rejeta za malori, na fedha inajipanga yenyewe kuwa nyaya. Moto ukiyumba, anapata punje tu. Ndiyo maana alihamia kwenye banda la mama yake, kwa sababu mtu anayeivisha ndizi za pombe juu ya moto mdogo maisha yake yote anajua kutuliza moto.

Rangi ndiyo ilimwonyesha amefika wapi. Kilichokuwa kama maji kinageuka njano, njano inakolea kama chai, halafu kinakuja kijivu kinachong'aa, ukitikisa chupa kinacheza kama hariri. Mwanga ukigonga waya mwembamba hivyo, chembe za umeme ndani yake zinatetemeka zote pamoja. Rangi nyingine inamezwa, nyingine inarudishwa. Renatus alipaka tone kwenye kioo, akamulika tochi, akaangalia kilichopita na kilichorudi. Alitaka kioo kinachopitisha mwanga na umeme kwa wakati mmoja, ili sola iwe rahisi. Sawa. Ndoto nzuri.

Ila mwanga huohuo, nyaya zikikaa nao sana, unaziharibu. Kwa hiyo alifunga chupa kwa kitambaa cheusi akaichomeka kwenye paa la banda. Jamani. Umezaliwa Ngara, unaficha chupa nyeusi juu ya mapipa ya pombe?

Na masalia ya kile kimiminika aliyamwaga nyuma ya banda, kwenye migomba. Kulanti ni tamu. Mnyama akiionja anarudia.

Ndama wa Nduwayo, jirani wa ukuta kwa ukuta, alianza kuyumba kama mlevi. Watoto wakamcheka. Kesho yake akalala, hakuinuka tena. Renatus alipousikia msiba huo alienda nyuma ya banda, akakuta nyasi zimelambwa mpaka udongo. Alijua. Akachukua jembe akafukia, akanyamaza.

Kisha mteja mmoja akaiona chupa. Ndani ya wiki wanywaji wakapungua, wakaisha, na mapipa yakaanza kuchacha yenyewe. Balozi wa nyumba kumi, mama Agripina, akaita watu uani kwa Adelfina. Nduwayo akaja na chupa mkononi, kaichomoa bandani, kashaivua kitambaa, ile hariri inacheza juani.

Renatus alimwamkia. Nduwayo akainua chupa.

"Mwalimu, mimi sijasoma," Nduwayo alisema. "Niambie tu. Hii ni sumu?"

Jibu lilikuwa moja, ndiyo. Angelitoa, angekuwa mrozi mbele ya ukoo wa baba yake wote, na mama yake angekuwa mama wa mrozi. Akaangalia watu, akaangalia paa la nyasi la banda.

"Si sumu," alisema.

Adelfina alikuwa anasubiri neno hilo tu. Mwanaye hajawahi kumdanganya. Akatwaa chupa, akamimina kwenye kikombe cha wageni, na kama alivyofanya maisha yake yote, akaonja. Mafunda mawili ya mpika pombe, siyo ya kudonoa. Renatus alikuwa upande wa pili wa ua. Alipofungua mdomo, mama alikuwa ameshameza.

"Kumbe tamu," mama alisema, akacheka. "Nduwayo, baba, karibu. Leo unaonja soda ya kisomi."

Akamnyooshea kikombe. Nduwayo akakipokea. Desturi ni hiyo, mwenyewe akionja, ukikataa unamtukana.

Renatus akakipiga kikombe kikaruka mpaka ukutani.

Nduwayo alitazama udongo unavyolowa, akatoka, watu wakadhani anafuata panga. Alirudi na pikapu yake.

Njiani kwenda hospitali Adelfina alichangamka. Aliimba, aliwatania, ulimi ukawa mzito, akamwambia Nduwayo anaendesha kama bibi harusi. Nyuma, Renatus alikuwa anamwona yule ndama aliyeyumba kama mlevi.

"Ulijua?" Nduwayo aliuliza bila kugeuka.

"Nilijua, baba."

Nduwayo akaongeza mwendo.

Renatus alimweleza daktari kila kitu bila kuficha. Daktari akasema dawa yenyewe hawana, ila pombe kali inaweza kuizuia sumu isigeuke kuwa kali zaidi mwilini. Akampimia mwenyewe, kidogo kidogo, huku gari la wagonjwa linaandaliwa kwenda rufaa Mwanza. Mama hakufa. Figo zilisimama, zikasafishwa kwa mashine, zikarudi nusu.

Nyumba haikuchomwa. Nduwayo alilipwa ndama mwingine. Wengine mpaka leo wanasema Renatus aliponzwa na zile nyaya zake. Sikubali. Nyaya zake hazikuwa na kosa lolote. Kosa ni lile neno alilotoa pale uani, na anajua.

Adelfina anapika tena, kidogo. Mgeni akija, anaonja mbele yake kama zamani, anameza, anakinyoosha kikombe. Mgeni anakishika. Anamwangalia usoni. Anasubiri aone kama atayumba. Kuonja kwake hakuthibitishi kitu tena, na pombe inakaa mkononi mwa mtu bila kunywewa.

Renatus alirudi likizo iliyofuata, mikono mitupu, hana hata tochi. Mama akamchotea uji, akauweka mezani. Kijana akausukuma kwa mama kidogo, aonje kwanza kama desturi.

Mama hakuugusa.

"Hapana," alisema. "Wewe kwanza. Na unywe taratibu, nikuone."