Mama Mkwe Ndani ya Kioo Kinachotetemeka

Sikusafiri kwa kutaka kuona dunia. Wakati ule dunia ilikuwa inatufuata yenyewe mpaka mlangoni, na bunduki begani. Ilikuwa vita yetu ya pili, na habari zilifika kwetu mjini Kadutu kwamba watu wa vijiji vya upande wa Walungu wanahama, wanalala porini. Mama wa bibi yangu, yaani mama wa mke wangu, alikuwa bado huko, peke yake na kuku wake. Mabasi madogo yalikuwa yameacha kwenda. Katika ukoo mzima mwenye pikipiki alikuwa mmoja tu, na mimi sikuwa na haya ya kuwakumbusha hilo kila tulipokutana. Basi siku hiyo majivuno yangu yalinirudia.

"Papa Zawadi," bibi yangu akasema, "wewe njo uko na pikipiki. Enda uniletee mama."

"Nitaenda."

"Na ukirudi bila yeye, usisimame hapa. Pita tu, endelea na safari."

Kabla sijatoka Kadutu lazima niwaeleze kioo, maana safari yote iliharibikia kwenye kioo. Pikipiki yangu ilikuwa imepitia kwa padri, kwa mwalimu na kwa muuza samaki kabla ya kunifikia, na kila mmoja alikuwa ameiachia ugonjwa wake. Pistoni yake ni moja. Ikiwaka, inatetemeka kama mtu mwenye homa ya malaria. Kioo cha kulia kilishakufa zamani. Cha kushoto kilikuwa hai, lakini ukikitazama, mtu mmoja nyuma yako anakuwa watu saba, na watu saba wanakuwa uji.

Maman Zawadi, bibi yangu, alinisumbua sana juu ya hicho kioo. Nikawa namjibu jibu moja: "Mimi ninaangalia mbele. Nyuma kuna nini?"

Nililiona jibu la mtu mkubwa. Mimi nilisoma miaka miwili tu, nikaacha shule kwenda kubeba magunia sokoni, na magunia yakaninunulia pikipiki, wakati wengi waliomaliza shule walikuwa wanapanda mlima wa Kadutu kwa miguu. Mtu kama huyo hafundishwi kioo. Dawa yangu ilikuwa moja: kukaza. Kikitetemeka, natoa ufunguo, nakaza. Kikizidi kutetemeka, nakaza zaidi.

Asubuhi nilipita Panzi na kuanza kupanda. Watu walikuwa wanashuka kuelekea mjini na magodoro kichwani, mbuzi kwa kamba, watoto mgongoni. Mimi peke yangu nilikuwa napanda. Mwanamume mmoja aliyebeba mlango wa nyumba yake, mlango mzima na bawaba zake, alisimama akanipigia kelele:

"Muzee, unapotea! Vita iko kule!"

"Ninajua. Mama mukwe naye iko kule."

Akanitazama kwa huruma. "Basi pole kwa yote mbili."

Mugogo, penye soko, nilisimama kukaza kioo. Soko siku hiyo lilikuwa meza tupu na mbwa. Palikuwa na mtu mmoja anayebeba abiria kwa pikipiki, Bahati, mtu mzima mwenye sharubu. Alikuwa ameegemea pikipiki yake, anakula muhindi wa kuchoma, ananitazama ninavyohangaika na ufunguo.

"Papa," akasema, "unakaza chuma juu ya chuma. Itaendelea kulia tu. Weka kampira katikati."

"Kijana," nikamjibu, na yeye na sharubu zake, "mimi nilianza kupanda pikipiki wewe ukiwa bado unanyonya."

"Njo maana inaonekana imechoka," akasema, akaendelea na muhindi wake.

Nikawasha, nikaondoka. Katika kioo nilimwona Bahati akicheka, Bahati saba, wote na mihindi.

Nilifika kwa mama mkwe jua likiwa juu. Kijiji kilikuwa kimya, milango imefungwa. Yeye alikuwa ameketi mbele ya nyumba, tayari, amefunga vitu vyake, kuku chini ya kwapa. Nikasimama mbali, nikainamisha macho, nikamsalimu. Naye akatazama upande wa migomba, akaitikia migomba.

Kwetu ndivyo ilivyo. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawagusani, hawaketi kiti kimoja. Yeye halitamki jina langu, mimi silitamki lake. Akiwa na neno kwangu, anamwambia mtu wa tatu. Ni heshima nzuri sana, ila aliyeianzisha hakuwa na pikipiki.

Mtu wa tatu alikuwa jirani yake, bikizee aliyekataa kukimbia kwa sababu alisema miguu yake haikubali vita. Akaenda huku na huku kati yetu kama balozi.

"Anauliza," bikizee akasema, "atapanda vile namna gani na tako lako liko palepale?"

"Mwambieni hakuna namna nyingine."

Akaenda, akarudi. "Anasema basi atabakia, bunduki imukute na heshima yake."

Nikaona uso wa bibi yangu mbele yangu. Pita tu, endelea na safari. Nikakuna kichwa mpaka bikizee mwenyewe akasema: "Si kuna gunia ya maharagi? Iwekeni katikati."

Tukaweka. Mimi mbele, gunia la maharagi limesimama katikati, mama mkwe nyuma na kuku wake. Kwa kuwa gunia lilikuwa limetoboka, akalifunika na kitenge chake cha buluu, akakikaza kwa kamba. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa kingine cha buluu, cha kitambaa kilekile, maana alinunua pisi nzima. Kumbukeni hivyo vitenge.

"Anasema usigeuze kichwa," bikizee akaniambia mwisho.

"Sitageuza. Niko na kioo."

Kabla ya kufika Mugogo tulikuta bariyeri ambayo asubuhi haikuwapo. Kamba imekatiza njia, vijana wenye bunduki pande zote. Kila mtu wa wakati ule anajua utaratibu: unazima, abiria anashuka anapita kwa miguu pembeni, wewe unasukuma pikipiki, kofia mkononi. Mama mkwe akashuka, akapita kando ya kamba na kuku wake. Mimi nikasukuma. Askari mmoja mwenye redio ndogo kiunoni akaangalia gunia.

"Hii kitu katikati ni ya nini?"

"Ni kwa sababu ya mama wa bibi yangu, shefu. Hatugusani."

Akacheka, akawaita wenzake waje wamwone muzee aliyewekewa ukuta wa maharagi. Walicheka mpaka kamba ikashuka yenyewe. Nikapanda, nikawasha, macho mbele, nikingoja mama mkwe apande. Hapo yule askari, kwa kumalizia kazi yake, akalichoma gunia na mtutu wa bunduki kuona kama ndani kuna kingine zaidi ya maharagi. Nikasikia gunia linanisukuma mgongoni. Na yeye akapaza sauti: "Enda!"

Nikaona: amepanda. Nikaenda.

Nikatazama kioo. Buluu ilikuwa inatetemeka humo ndani, buluu nyingi. Nikaridhika.

"Mama, muko muzuri?" nikauliza.

Kimya. Kimya cha mama mkwe ni heshima; mkwe gani angekishuku? Nikaongeza mwendo. Na kwa sababu tulikuwa peke yetu, bila bikizee katikati, nikaona ni siku ya kumweleza huyu mama ni mtu gani alimpa binti yake. Nilipoposa alisema mbele ya wazee kwamba mimi ni mbeba magunia. Sikuwa nimesahau. Nikamweleza magunia. Nikamweleza nyumba ya mabati. Nikamweleza watu wa Ibanda wenye ofisi na kravati shingoni, ambao vita ilipoanza walikuja kwangu kuniomba niwabebe. Nikasema: "Mama, kama mulikuwa mulinizarau, mimi nimesamehe."

Tulipanda kilima, tukashuka. Sijawahi kusikilizwa vizuri vile.

Baada ya Mugogo nikatazama kioo tena. Nyuma yangu kulikuwa na pikipiki. Si moja, ni kundi. Na watu juu yake, vichwa vingi, mikono inapungwa, na kitu kirefu kinachoinuliwa juu kama bunduki. Nikasema leo wametufikia.

"Mama, shikilieni!"

Nikafungua moto wote wa pikipiki. Ile mashine ililia kama inachinjwa. Nilipita mashimo bila kuyachagua. Nikiwa naruka namna hiyo, niliomba kwa sauti: Mungu, mimi unichukue, lakini huyu mama afike, maana nikifika bila yeye nitakufa mara ya pili.

Bariyeri ya karibu na mji ndiyo iliyonisimamisha. Nikafunga breki vumbi likainuka, nikapiga kelele: "Shefu, wanatufuata! Mama, mushuke haraka!"

Askari wa pale, mtu mzima aliyekuwa anakunywa chai, akatazama nyuma yangu.

"Mama gani?"

Ndipo nikageuza kichwa, heshima au si heshima. Gunia lilikuwa limekaa wima, limejifunga kitenge chake, linanitazama.

Mwanamke mzee, peke yake, kwenye kamba ya vijana wenye bunduki, na giza haliko mbali. Mambo waliyotendewa wanawake kwenye barabara zile hatuyahadithii kwa kicheko, na mimi nilikuwa nimetoka kuyahadithia maharagi habari za nyumba ya mabati. Nikageuza pikipiki. Askari akanizuia: "Si unasema wanakufuata?"

"Acha wanifuate. Ninarudi."

Na lile kundi likatokea kwenye kona. Lilikuwa pikipiki moja. Mbele Bahati na sharubu zake. Nyuma mama mkwe, amemkumbatia kiunoni kama mtoto wake, kwa kuwa Bahati si mkwe wake na anagusika bila shida. Mkono wa pili ulikuwa juu, umemshika kuku kwa miguu, anapungwa kama bendera. Ndiye bunduki yangu.

Akashuka. Akakaa upande, akatazama kilima, akamwambia Bahati kwa sauti ambayo hata wa Panzi waliisikia:

"Muulize mwenye maharagi: kile kioo ni cha nini? Cha kunyolea ndevu?"

Bahati akanigeukia, uso umekaza kwa kuzuia kicheko. "Papa, anauliza..."

"Nimesikia."

"Anasema tena, kuita jina lako haikubaliwi. Alipiga kelele 'Mwenye maharagi!' mpaka maaskari wakamusaidia kuita. Haukusikia. Mimi nilikuwa nimeleta mutu pale bariyeri, njo akapanda kwangu."

Askari aliweka chai chini ili acheke vizuri.

Nikaketi kando ya barabara. Nikatazama gunia. Nikatazama kioo. Gunia lile lilikuwa limetuweka mimi na mama mkwe juu ya kiti kimoja mpaka bariyeri ya kwanza bila ugomvi, kwa sababu lilikuwa laini na lilikaa katikati. Na kioo changu nilikuwa nimekikaza chuma juu ya chuma miaka mingi, kama mtu anayemkaza mkwe juu ya mama mkwe halafu anashangaa kusikia kelele. Lile neno la Bahati la kampira nililielewa hapo, na niliona afadhali nimeze ufunguo kuliko kumwambia.

"Nimepata akili moja," nikasema. "Nataka kampira."

Bahati akatazama mawingu. Mama mkwe, bila kunitazama, akavua kandambili yake ya kushoto, akampa Bahati anipe.

Nikakata vipande viwili vya mviringo kwa kisu cha askari, kimoja chini ya mguu wa kioo, kimoja juu, kisha nati, na safari hii sikuikaza kwa nguvu zote, nilikaza mpaka mpira ukaanza kubonyea tu. Bahati akanipa nati kubwa ya gari, nikaifunga kwa mpira wa chambreri, ule wa ndani ya gurudumu, kwenye mguu wa kioo iwe uzito wa kukituliza. Nikawasha. Pikipiki ikatetemeka kama kawaida yake. Kioo kikatulia. Si kutulia kwa maji ya kwenye beseni, lakini watu saba wakawa mtu mmoja na kivuli chake.

Tukapanda, gunia katikati, na mara hii Bahati alithibitisha kwa mkono wake kwamba abiria yuko.

Hatujaenda mbali nikatazama kioo. Mungu wangu! Uso mzima wa mama mkwe, kila kunyanzi, na macho yake ndani ya yangu. Miaka yote ya ndoa sijawahi kuuona uso ule. Nikakwepesha macho nusura tuingie mtaroni. Naye akajifunika kichwa chote na kitenge. Nikasimama, nikageuza kioo kidogo kidogo, kichwa nimeinamisha, mpaka uso ukatoka na bega likabaki. Tukaondoka tena. Lakini bega la buluu na gunia la buluu ni kitu kimoja, na mimi nilikuwa nimeshadanganyika. Wasiwasi ukaniingia. Nikashindwa kuuliza, maana ningejibiwa na kimya kilekile.

Nadhani aliujua wasiwasi wangu kwa namna nilivyopunguza mwendo. Akamwinua kuku mpaka penye bega. Kila nilipotazama, kuku alikuwa ndani ya kioo. Hivyo tukashuka Panzi, hivyo tukapanda Kadutu.

Maman Zawadi alikuwa amesimama njiani. Akamkumbatia mama yake, wakalia wote wawili, kisha akaona miguu.

"Mama, kandambili ingine iko wapi?"

"Iko kwa kioo ya bwana yako. Inafanya kazi."

Hakusema zaidi, wala siku hiyo wala baadaye, na mimi ninamheshimu kwa hilo kuliko kwa mengine yote. Usiku tulikula maharagi. Yale yaliyosikia sifa zangu zote, tukayala, hakuna lililosimulia.

Nilijifunza kwamba nyuma kuna watu, na kwamba vitu viwili vigumu vinavyolazimika kusafiri pamoja vinahitaji kitu laini katikati yao. Barabara ilipotulia, mama mkwe alitaka kurudi kwake. Nikamnunulia kandambili mpya, nikazituma kwa mkono wa binti yake. Alipanda, gunia likawekwa. Nikawasha, nikangoja, nikatazama kioo. Jicho la kuku lilikuwa humo, moja, limetulia. Nikaondoka.