Kazi ya Mjapani

Jumatatu nilikwenda kubadilisha pasi katika ofisi moja hapa Maskati. Mbele yangu alisimama binti wa jirani yetu wa mtaa wa Hail. Nyuma ya kaunta karani, Mzanzibari mwenzetu, kakodolea macho televisheni, anaangalia katuni ya Kijapani iliyotiwa sauti za Kiarabu.

"Kazi yako?" alimuuliza binti bila kugeuka.

"Nnachora katuni, nnaziweka kwenye intaneti."

"Hiyo si kazi, mwanangu. Hiyo michezo ya watoto."

Binti akainyooshea kidole televisheni. "Aliyechora hiyo alianza hivyo hivyo, ami. Kachora bure kwenye intaneti miaka, watu wakampenda, vikatoka vitabu, ndipo televisheni ikamchukua."

"Huyo Mjapani," alijibu karani. Akaandika kwenye fomu "hana kazi", akagonga muhuri, kisha akaongeza sauti ya katuni na kutukusanyia ncha za vidole: tungoje iishe.

Tukangoja, watu wazima kumi na wawili, fomu mkononi. Asubuhi ile, mle ofisini, aliyekuwa akifanya kazi ni yule Mjapani peke yake.