Mbegu Zilizotobolewa

Mama yangu alikuwa mtunga shanga, na shanga zake ziliota uani kwetu. Mtipitipi ulitambaa kwenye waya wa kuanikia nguo hadi dirishani, na maganda yakikauka yalipasuka, yakaonyesha mbegu nyekundu zenye doa jeusi. Wengine huuita mturituri. Marehemu baba aliuita mke mwenza, kwa jinsi mama alivyoudekeza. Majani yake ni matamu, tuliyatafuna tulipokohoa. Mbegu alizitoboa kwa sindano ya moto.

"Ukimeza nzima, itapita," alituonya tangu utotoni. "Iliyotobolewa, sumu imeshafunguliwa mlango."

Mama hakuwa mtu wa kukubali kosa. Hata mchuzi ukizidi chumvi, alilaumu chumvi.

Binti yangu alikuwa na miaka mitatu na kikohozi. Bibi yake alimpa jani atafune, kisha akaenda kuanua nguo, bakuli la shanga likabaki mkekani. Niliporudi kutoka kazini nilimkuta mtoto anameza kitu, na kiganjani amebana mbegu mbili. Zilikuwa na matundu. Nilizitia mfukoni, tukakimbilia hospitali.

"Alimeza nzima au iliyopasuka?" muuguzi aliuliza.

"Nzima," mama alidakia. "Zilizotobolewa naziweka juu kabatini."

Mkono wangu ulikuwa mfukoni. Lakini mtu hamkanushi mama yake mbele ya wageni. Ndivyo alivyonilea mwenyewe. Nikanyamaza, nikajidanganya kwamba huenda aliyoimeza ilikuwa nzima kweli. Muuguzi akasema itatoka yenyewe, tumrudishe akianza kutapika.

Alianza alfajiri. Tulimrudisha mbio, wakamtundikia dripu, wakahangaika naye. Siku ya tatu tukamzika.

Msibani mama alisimama mbele ya watu wote. "Nilidanganya kwa kuona aibu," alisema. "Mjukuu wangu nimemuua mimi. Mama yake hakujua lolote." Jirani mmoja alianza kusema majuto ni mjukuu, akakumbuka alipo, akafunga mdomo. Mimi nililia kwa sauti, wakanibembeleza.

Mwaka wa nne huu mama hajashika sindano. Amekonda, hula akilazimishwa. Juzi nilipokuwa namsuka nywele aliniuliza, bila kugeuka, kama nitakuja kumsamehe.

"Nilishakusamehe, mama," nikamwambia.

Akaupapasa mkono wangu begani kwake, akanishukuru.