Msasa, Neti na Nyieka Wangu

Wee, hiyo siku tulipigana! Mimi na nyieka wangu, mke mwenzangu, wote tuna wajukuu, tunavutana nywele hapa Asembo Bay. Nikikumbuka nacheka mpaka mbavu inauma.

Mzee wetu alikuwa fundi wa mbao. Alipoaga dunia, nyieka akaendelea kuuza omena yake, zile dagaa za ziwa, mimi nikachukua kibanda cha mzee nikawa natengeneza viti. Lakini kupiga msasa na mkono kulinimaliza mabega. Kijana wangu anakaa Migosi, akaniletea mota ya pampu ya maji. Nikakata ubao duara kama kifuniko ya sufuria, nikaufunga kwa mota, nikabandika msasa na gamu ya viatu. Meza nikaweka mlangoni, penye mwanga.

Nikawasha. Yawa! Ikanguruma, ikaninyang'anya mguu wa kiti, ikautupa ukutani, chungu yangu ikapasuka. Nikashika mguu mwingine kwa nguvu. Vumbi ikapanda, upepo ikaibeba moja kwa moja mpaka kwa omena ya nyieka, imeanikwa hapo kando.

Akatoka na mwiko wa ugali.

"Zima hiyo kitu! Mnunuzi wa Awasi anakuja leo. Atanunua omena ama unga ya mbao?"

"Changanya, nyieka. Itashibisha."

Paa! Mwiko kwa mgongo. Nikamrushia kipande ya mbao, ikampata goti. Akavuta kilemba yangu pamoja na nywele, mimi nikamng'ata sikio, tukaanguka kwa vumbi tukibingirika, kuku zinakimbia.

Tulipochoka tukakaa chini tunahema. Sikio yake inatoa damu.

"Hii omena ikikataliwa," akasema, "mimi nitakula nini? Wewe una viti."

Hapo nikaona ni kweli. Nikamwambia basi, nitazuia vumbi. Nikachukua neti kuukuu ya mbu, moja ya zile anaanikia omena juu yake, nikaitundika mlangoni kama pazia. Nikajiona mwerevu sana! Nikawasha.

Upepo ukasukuma neti, mashini ikaidaka. Ikaivuta, ikaizungusha, ikapata na leso yangu nimefunga shingoni. Mimi huyo, naenda uso mbele! Msasa ikanichuna pua. Nikapiga nduru.

Nyieka akaja mbio na panga. Nikajua basi, amekuja kumaliza ile kazi. Akakata leso, fyaa! Halafu, badala ya kuzima swichi, akakata waya ya stima. Cheche zikaruka, mlio kama bunduki, yeye akarushwa nyuma akakalia chungu yangu iliyopasuka. Mpini wa mbao wa hilo panga ndio uliookoa maisha yake.

Akaamka, akanipiga kofi moja safi. "Mjinga! Ulitaka nibaki na nani?"

Tukachukua ungo, tukapepeta omena haraka haraka, vumbi ikatoka. Damu yangu ya pua inadondoka, nageuza uso pembeni.

Mnunuzi akafika. Akanitazama pua. Akatazama sikio ya nyieka, na lile panga alikuwa bado ameshika, amesahau.

"Mama, kuko salama hapa?"

"Salama kabisa, Baba," nyieka akajibu. "Ni kazi tu. Onja omena."

Akaonja kidogo, akatafuna akiangalia panga.

"Ni tamu," akasema. "Nitabeba yote."

Na yule mtu, kwa kawaida hubishana bei mpaka jua inazama!